Kuchagua kibanio cha springi za valvu kwa kazi ya injini nyumbani

Swali: Gari la msomaji wetu lina injini ya petroli ya silinda 4, valvu 16 na kamshafti (shafti zinazofungua valvu) mbili juu. Kila asubuhi likiwashwa hutoa moshi wa buluu, kisha moshi huo hukoma baada ya muda mfupi. Anakusudia kubadilisha sili za valvu, yaani vizuizi vya oili vinavyozunguka mashina ya valvu, mwenyewe, nyumbani, na ameona aina tatu za vibanio vya springi: chenye umbo la herufi C, chenye kulabu mbili zinazoshika springi kwa pembeni, na cha bomba kinachogongwa kwa nyundo. Anauliza anunue kipi, kama ni lazima ashushe silinda hedi (sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu), na kama kifaa hichohicho kitamfaa baadaye kwa injini ndogo ya jenereta.

Jibu: Ndugu msomaji, dalili uliyoieleza inaelekeza kweli kwenye sili za valvu, kwa sababu oili inayobaki juu ya hedi usiku kucha hupenya taratibu kwenye mashina ya valvu na kuungua mara injini inapowashwa. Moshi wa ringi za pistoni zilizochoka ni tofauti, kwani huendelea kutoka hata injini ikishapata moto, na hasa inapobeba mzigo. Hata hivyo, pima mgandamizo wa kila silinda kabla ya kununua chochote, maana kipimo hicho ndicho kitakachoamua iwapo hedi ishuke au ibaki mahali pake, na uamuzi huo ndio unaochagua kibanio, wala si wingi wa vipande vilivyopangwa ndani ya kasha.

Springi ya valvu hukaa ikiwa imebanwa kati ya hedi na sahani ndogo ya chuma iliyo juu yake. Sahani hiyo ina tundu la katikati lenye umbo la koni, na ndani ya tundu hukaa koleti mbili, yaani vipande viwili vya nusu koni ambavyo kwa ndani vina ukingo mwembamba unaoingia kwenye mfuo uliochongwa karibu na ncha ya shina la valvu. Kadiri springi inavyoisukuma sahani juu, ndivyo koni inavyozidi kuzibana koleti kwenye shina, na ndiyo sababu hazifunguki zenyewe hata injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika. Kazi ya kibanio ni kuishusha sahani kwa milimita chache huku valvu ikizuiwa isishuke nayo, ili koleti zibaki huru na ziweze kutolewa. Kifaa kinachoishusha sahani ikiwa imeinama upande mmoja, au kinachoiacha valvu iteremke pamoja nayo, hakitakusaidia hata kikiwa na nguvu kiasi gani.

Nguvu yenyewe si ya kuchezea. Tuchukulie springi yenye ugumu wa niutoni 30 kwa kila milimita, ambayo valvu ikiwa imefungwa tayari inasukuma kwa niutoni 250. Ukiishusha milimita 8 zaidi itakuwa inasukuma kwa niutoni 490, karibu sawa na uzito wa kilo 50, na uzito wote huo unaegemea kwenye sahani yenye upana wa sentimita mbili na kitu. Kifaa kikiteleza wakati huo, sahani na koleti huruka kwa kasi inayoweza kumtoa mtu jicho. Vaa miwani ya kazi, na usiinamishe uso juu ya springi iliyobanwa hata kama unaona vibaya. Sogeza taa, usisogeze kichwa.

Sasa tuitazame hedi yako. Injini nyingi zenye kamshafti mbili juu hutumia tapeti, yaani vipande vinavyosukumwa na kamshafti ili kufungua valvu, zenye umbo la kopo, na kila tapeti huteleza ndani ya tundu lililochongwa kwenye aluminiamu ya hedi. Ukishaondoa kamshafti na kuzinyanyua tapeti, utaikuta sahani ya springi imezama chini ndani ya tundu hilo, pengine sentimita mbili au tatu kutoka juu. Hapo ndipo vibanio vingi vya kawaida vinapokwama, kwa sababu mdomo unaokandamiza sahani ni mpana kuliko tundu, au ni mfupi kiasi kwamba mkono wa kibanio unagonga ukingo wa hedi kabla sahani haijashuka vya kutosha. Usijaribu kulazimisha. Ukuta wa tundu la tapeti umesuguliwa kwa vipimo vya usahihi mkubwa, na mkwaruzo mmoja wenye ukingo ulioinuka waweza kuifanya tapeti ikwame, jambo litakalokugharimu zaidi ya sili zote 16.

Kwa hiyo chukua kalipa kabla ya kwenda dukani. Pima kipenyo cha nje cha sahani, kipenyo cha tundu la tapeti, na kina cha kutoka ukingo wa tundu hadi juu ya sahani. Kisha pima umbali wa kutoka uso wa valvu, ndani ya chemba ya mwako, hadi juu ya sahani, kwani huo ndio uwazi ambao taya za kibanio lazima ziufikie. Mwisho pima umbali wa kutoka ukingo wa hedi hadi kwenye valvu, ambao ndio kina cha tumbo la herufi C. Valvu za kuingiza na za kutolea moshi zikiwa zimepangwa pande mbili za hedi, kama ilivyo kwenye injini yako, kila safu utaifikia kutoka upande wake, na tumbo lisilo kubwa sana litatosha. Kwenye hedi ya lori, au hedi ya zamani ambayo valvu zote zimesimama katikati, kipimo hiki ndicho kinachowakwamisha watu.

Nitoe mfano ili vipimo visibaki maneno matupu. Ikiwa tundu la tapeti lina milimita 31 na sahani ina milimita 25, mdomo unaokufaa ni wa milimita 23 au 24 kwa nje. Hapo utaikandamiza sahani karibu na ukingo wake bila kuning'inia nje, na bado utabaki na nafasi ya milimita tatu au zaidi kila upande kati ya mdomo na ukuta wa tundu. Kwa ndani, mdomo uwe mpana kuliko tundu la koleti kwa kiasi cha kutosha kuingiza ncha ya bisibisi yenye sumaku, kwa sababu koleti lazima zipite humo zikitoka na zikirudi. Mdomo mwembamba mno ni mbaya vilevile, maana hukalia koleti zenyewe badala ya sahani, na utakaza hadi uchoke bila kitu kufunguka.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliangalii ni madirisha ya mdomo. Mdomo mzuri una mianya miwili mipana pembeni, inayotazamana, na vishikizo vyembamba vinavyoiunganisha sehemu ya juu na pete ya chini. Kupitia mianya hiyo ndipo utakapoingiza sumaku, kibano chembamba au kidole, na ndipo utakapoona kama koleti imekaa kwenye mfuo au imepanda juu yake. Mdomo wenye dirisha moja dogo unaweza kukuruhusu kuzitoa koleti, maana kutoa ni rahisi, lakini wakati wa kuzirudisha utatamani kuutupa. Uwapo dukani, shika mdomo mkononi, uweke kwenye mwanga, na ujiulize kama unaweza kupeleka kitu chembamba hadi katikati bila kukipinda.

Baada ya hapo ndipo uitazame fremu. Fremu ya C iliyofuliwa au kutengenezwa kwa chuma kinene hujikunja kidogo sana inapobeba mzigo, ilhali ile ya chuma chembamba hufunguka kama mdomo wa samaki, na ikifunguka mdomo huacha mstari wa shina na kuisukuma sahani kwa upande. Kifunge bila kitu ndani, ukizileta taya mbili zikaribiane, uone kama katikati ya mdomo inaelekeana sawasawa na katikati ya kitako kinachogusa valvu. Kitako hicho kiwe kidogo kuliko uso wa valvu. Injini yenye valvu nne kwa kila silinda ina valvu ndogo, na kitako kipana kitakalia chemba ya mwako badala ya valvu, kisha valvu itashuka na sahani bila kizuizi. Kitako kiwe kinageuka kidogo kufuata uso wa valvu, na kiwe laini, bila meno.

Kuhusu njia ya kukaza, wapo wanaopendelea skrubu na wapo wanaopendelea wenzo unaojifunga wenyewe ukishavuka katikati. Wenzo una kasi, nao huwafaa mafundi wanaofungua hedi kila siku, lakini lazima urekebishwe kwa urefu wa kila hedi, na hushuka kwa pigo moja ambalo huwezi kulipunguza nusu njia. Kwa mtu anayefanya kazi hii mara chache, nashauri skrubu yenye meno makubwa, kwa sababu hukuruhusu kushusha robo mzunguko, ukatazama, ukashusha tena. Valvu 16 zitakuchosha mkono, sikatai. Paka grisi kwenye skrubu kabla ya kuanza.

Makasha yenye midomo kumi na zaidi yasikubabaishe. Utatumia mdomo mmoja, pengine miwili, na kama fremu ni dhaifu basi wingi wa midomo ni wingi wa njia za kushindwa. Ningechagua fremu imara yenye midomo mitatu ya vipimo vinavyokaribia vyangu kuliko kasha zima lenye fremu inayoyumba. Ikiwa mdomo wa kipimo chako haupatikani, fundi wa lethi anaweza kuukata kutoka kwenye bomba nene la chuma na kuuchonga madirisha, na huo mara nyingi huwa bora kuliko wa kiwandani. Hata jiklampu kubwa ya kubania vyuma, iliyochomelewa kipande cha namna hiyo kwenye taya moja, imefungua hedi nyingi. Masharti ni kwamba uchomeleaji uwe mzuri na kipande kisimame wima.

Kibanio cha kulabu mbili kina mahali pake, ila si kwako. Kimekusudiwa springi zilizo wazi juu ya hedi, kama zilivyo kwenye injini ambazo kamshafti iko chini ubavuni na vijiti husukuma roka amu, yaani mikono midogo inayokandamiza valvu. Kulabu hushika mizunguko ya springi yenyewe na kuikusanya, bila kuhitaji kitu cha kushikilia upande wa pili, hivyo kinaweza kutumika hedi ikiwa bado imefungwa kwenye injini. Ndani ya tundu la tapeti hakuna nafasi ya kulabu kupita, na hata zikipita zitakwaruza ukuta. Springi zenye mizunguko iliyobanana sana, au zile zinazopungua upana kuelekea juu, nazo huzipa kulabu shida.

Kifaa cha bomba kinachogongwa kwa nyundo hudharauliwa kuliko kinavyostahili. Ndani yake kuna sumaku. Unakikalisha juu ya sahani, unakipiga pigo moja kali, sahani inashuka ghafla, koleti zinaachia na kudakwa na sumaku. Kwa springi moja laini hufanya kazi haraka ajabu. Kasoro zake ni mbili. Pigo lisilonyooka laweza kuumiza ncha ya shina, na hasa mashina membamba ya milimita 5 au 6 yanayotumika kwenye injini za valvu nyingi. Na kurudisha koleti kwa kifaa hicho hutegemea mkono uliozoea, kwa maana unasukuma kwa nguvu za mwili bila kuona kinachoendelea ndani. Kama tayari unacho, kitumie kutolea tu, na kurudisha ukufanye kwa skrubu.

Nimefika kwenye swali la kushusha hedi. Si lazima. Kwa injini yako kamshafti lazima zitoke kwa vyovyote vile, lakini baada ya hapo unaweza kubadilisha sili hedi ikiwa mahali pake, ukitumia kibanio cha nne ambacho hukukitaja: chuma kinachofungwa kwa boliti kwenye matundu ya vifuniko vya kamshafti, kikiwa na wenzo unaokandamiza mdomo kwenda chini. Kwa njia hii unaepuka gasketi mpya ya hedi, na kwenye injini nyingi unaepuka pia boliti mpya, kwa sababu boliti zinazovutika wakati wa kukazwa hazirudiwi. Shida ni kwamba hakuna taya ya kushikilia valvu kutoka chini, hivyo ni wewe wa kuizuia isidondoke ndani ya silinda.

Njia ya kwanza ni upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi, kwa adapta yenye uzi wa plagi, kwa shinikizo la baa 6 hivi. Ikague hesabu yake kabla ya kuifurahia: pistoni yenye kipenyo cha milimita 81 ina eneo la takriban sentimita za mraba 51.5, na kwa baa 6 inasukumwa kwa niutoni zaidi ya 3,000. Pistoni ikiwa imepita kileleni, yaani mwisho wa juu wa mwendo wake, hata kidogo, krankishafti (shafti inayozungushwa na pistoni) itazunguka kwa nguvu, na kama spana imebaki kwenye boliti ya puli itamjeruhi mtu. Ilete pistoni kileleni, weka gia, vuta breki ya mkono, toa spana zote, kisha ndipo ufungue upepo. Umeme ukikatika au hozi ikichomoka koleti zikiwa nje, pistoni iliyo kileleni ndiyo itakayozuia valvu isizame kabisa, nayo hiyo ni sababu nyingine ya kutoiacha pistoni chini.

Njia ya pili haihitaji kompresa. Pistoni ikiwa chini kidogo, unaingiza kamba laini ya nailoni iliyosukwa kupitia tundu la plagi, ukiacha ncha ndefu nje, kisha unazungusha krankishafti kwa mkono hadi kamba ijae na kuzibana valvu juu. Mimi huiamini njia hii kuliko upepo, kwa kuwa kamba haivuji. Lakini kwenye injini ya mnyororo, zungusha huku mnyororo wa taimingi umevutwa juu na kufungwa kwa waya, la sivyo hujikusanya kwenye gia ya chini na kukwama.

Ikiwa mgandamizo ulioupima ni mzuri na unalingana kwenye silinda zote, acha hedi mahali pake na utafute kibanio cha kufunga kwa boliti. Ikiwa silinda moja iko chini sana na unashuku valvu, au gari limewahi kuchemka, shusha hedi na ununue herufi C, kwa sababu hapo utahitaji kuzitoa valvu zenyewe, kuzitazama siti zake (sehemu za hedi ambazo valvu hukalia zikifungwa), na kupima kama shina linacheza ndani ya bushi yake, yaani bomba linaloliongoza. Bushi ikiwa imelegea, sili mpya haitadumu, na kutikisa valvu kwa mkono hedi ikiwa juu ya meza hukuonyesha jambo hilo waziwazi.

Kabla ya kubana springi yoyote hedi ikiwa mezani, weka kipande cha mbao chini ya uso wa valvu, kalisha soketi ya spana juu ya sahani ili shina liingie kwenye uwazi wake, kisha igonge kidogo kwa nyundo. Koleti zilizokaa miaka mingi hung'ang'ania koni ya sahani, na mtu asiyegonga hukaza skrubu hadi fremu ipinde, akidhani kifaa ni kibovu. Funika kwa kitambaa mashimo yote ya kurudisha oili, kwani koleti ni ndogo kama punje na safari yake ya kwenda kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini, ni fupi. Kwenye tundu la tapeti, zungushia ukanda wa plastiki laini uliokatwa kutoka kwenye chupa, ili mdomo ukiyumba uguse plastiki na si aluminiamu. Koleti zikishatoka, pitisha kidole kwenye ncha ya shina; ukihisi ukingo uliotanuka, ulainishe kwa tupa nyembamba kabla ya kuivuta valvu, maana ukingo huo hukwaruza bushi njia nzima. Valvu ziweke kwenye kadibodi iliyotobolewa na kuandikwa namba, na tapeti vivyo hivyo, kwa sababu kila moja imeshazoea mahali pake.

Wakati wa kurudisha, paka grisi kidogo ndani ya kila koleti na uibandike kwenye shina. Grisi itaishikilia huku ukitafuta nafasi ya ile ya pili. Legeza skrubu polepole ukitazama dirishani, uhakikishe koleti zote mbili zina urefu sawa kutoka ncha ya shina na kwamba mwanya kati yake unalingana pande zote. Kisha, ukiwa umeondoa kibanio na uso ukiwa kando, gonga ncha ya shina mara mbili tatu kwa nyundo ya plastiki. Koleti iliyokaa vibaya itaruka hapo mezani, na si siku utakapoiwasha injini. Pigo hili lifanyike tu valvu ikiwa na nafasi ya kushuka, si wakati pistoni iko kileleni chini yake.

Kuhusu jenereta, fungua kifuniko cha valvu kwanza ndipo uamue. Injini ndogo nyingi zenye valvu juu, kama Honda GX160, hazina koleti hata kidogo. Sahani ya springi ina tundu pana lililoungana na tundu jembamba, na unachofanya ni kuikandamiza kwa vidole gumba viwili na kuitelezesha pembeni hadi shina lipite kwenye upande mpana. Fanya hivyo hedi ikiwa imeshushwa, ili valvu isidondoke ndani ya silinda, na uiangalie valvu ya kutolea moshi, ambayo ina kifuniko kidogo juu ya ncha ya shina kinachopotea kwa urahisi. Ikiwa jenereta yako ni ya muundo wa kale wenye valvu ubavuni mwa silinda, springi zimo ndani ya chemba nyembamba iliyofunikwa kwa bamba. Herufi C ya gari haiingii humo. Utahitaji kibanio chembamba chenye taya mbili bapa zilizogawanyika kama uma, zinazopita juu na chini ya springi.